Kifaru Anakuja au Kinakuja? Mhadhara juu ya kuwapanga wapanda farasi wa China ya kale na wa nyika katika orodha za majeshi ya mezani



Nimekuja na kisanduku cha viatu. Kabla sijasema neno la maana, ningependa vitu viwili vilivyomo vipite mikononi mwenu, kuanzia safu ya mbele. Cha kwanza ni kibao chembamba chenye upana wa milimita 40, kama vidole viwili vilivyolala pamoja. Juu yake wamegandishwa wapanda farasi watatu wa risasi, waliopakwa rangi kwa brashi ya nywele chache. Kishikeni kwenye ukingo tafadhali, si kwenye mikuki. Mikuki imeshavunjika mara mbili na gundi yangu si ya kutegemewa. Cha pili ni kibao chenye upana uleule, ila juu yake wapo wapanda farasi wawili tu.

Mwenye macho mazuri ataona kwamba watu hawa watano wametoka pakiti moja. Makoti ya ngozi ni yaleyale, pinde ni zilezile, hata masharubu ni yaleyale. Wote ni Waxiongnu, watu wa nyika za kaskazini mwa China, wa miaka kama 200 kabla ya Kristo. Wale watatu nimewatangaza kuwa wanapigana kwa namna moja, na wale wawili kwa namna nyingine. Tangazo hilo halimo kwenye nguo zao, limo kwenye idadi yao juu ya kibao. Nani alinipa ruhusa ya kutangaza hivyo? Hilo ndilo nililoitiwa hapa.

Kwa wasioujua mchezo huu: watu wawili husimama pande mbili za meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, kila mmoja na jeshi lake la vijisanamu. Mwendo hupimwa kwa rula na mapambano huamuliwa kwa dadu. Maofisa wa Prussia walifundishwa kwa mchezo wa namna hii mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1913 mwandishi wa riwaya H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa risasi wa watoto. Tawi ninalolizungumzia mimi, la vita vya kale, lilipata sura yake Uingereza kuanzia mwaka 1969, Phil Barker na wenzake walipounda Wargames Research Group. Waliandika kanuni, kisha wakaandika orodha za majeshi. Orodha ya jeshi ni kama orodha ya mahari: inakuambia ulete nini, kiasi gani na cha ubora gani, na ukifika ukweni bila kilichoandikwa huna pa kujitetea.

Wachezaji wa bao wataona tofauti mara moja. Kwenye bao kete zote ni sawa, na nguvu ya kete inatokana na shimo ilimolala. Huku kwetu kibao kinatoka nyumbani na nguvu yake. Ndiyo maana ugomvi wetu huanza kabla meza haijatandikwa, na mara nyingi hauishi hata baada ya vijisanamu kurudishwa kisandukuni.

Nguvu hiyo ni ndogo kuliko mnavyodhani. Chukueni DBA, kanuni fupi alizotoa Barker na Richard Bodley Scott mwaka 1990, ambamo jeshi zima ni vibao 12. Wapanda farasi wanaokabiliana na wapanda farasi wenzao hupewa 4, au 3, au 2. Kila upande unarusha dadu moja na kujumlisha. Jumla kubwa inashinda, na ikifika mara mbili ya nyingine, kibao cha aliyeshindwa kinaondoka mezani. Basi ustaarabu mzima wa watu wa nyika, malisho yao, ndoa zao na vifo vyao, umekuja kukaa kwenye tofauti ya 3 na 2.

Madaraja hayo matatu yana majina ya Kiingereza, na la juu kabisa limeazimwa kutoka kwa mashujaa wa Ulaya waliovaa chuma, jambo linalonikera kila ninapolitumia kwa Mchina. Kiswahili hakikuturithisha majina ya kazi hii. Neno farasi lenyewe lilikuja na pepo za kaskazini, na huku bara mbung'o alihakikisha kwamba vita vya farasi tutavisikia kwa watu. Kwa hiyo nimejitungia yangu, na leo mtanivumilia. Wenye 4 nitawaita wavunjaji, kwa kuwa kazi yao ni kwenda moja kwa moja na kuvunja. Wenye 3 ni wapambanaji: wanapiga mishale, wanarudi nyuma, wanakuja tena, na ikibidi wanafika hadi upanga. Wenye 2 ni wadonoaji. Hao hudonoa kwa mbali na kuondoka, kama kuku kwenye mtama ulioanikwa.

Mmeona kwamba majina yangu yote matatu ni ya vitendo. Haikuwa hivyo zamani. Kanuni za mwanzo za Barker na wenzake ziliwapanga wapanda farasi kwa uzito wa deraya: wazito kupita kiasi, wazito zaidi, wazito, wa kati, wepesi. Ukitaka kujua daraja la mtu ulimtazama amevaa nini, na farasi wake amevaa nini. Mfumo huo ulikuwa na raha yake, maana nguo huonekana. Kuna kaburi, kuna picha ukutani, kuna kipande cha chuma kwenye kabati la makumbusho. DBA, na DBM iliyofuata, zikageuza swali: usiniambie amevaa nini, niambie alifanya nini adui alipomkaribia.

Waalimu wa Kiswahili mliopo hapa mnalijua geuzo hili, kwa sababu na sisi tulilipitia kwenye ngeli. Zamani tulizipanga nomino kwa umbo la kiambishi, M-WA, KI-VI. Baadaye tukaona kijana, kiongozi, kipofu, kiboko na kifaru wote wana KI mbele, lakini hakuna asemaye "kiboko kimetoka mtoni" ila mtoto au mgeni. Tukahamia upatanisho wa sentensi: A-WA. Nguo ya neno ni KI, mwenendo wake ni A. Na tazameni kifaru: yule wa porini anakuja, lakini kile cha jeshi, cha chuma, kinakuja. Neno ni lilelile herufi kwa herufi, na huwezi kujua ngeli yake mpaka usikie kitenzi.

Ninachotaka kuwaambia jioni hii ni hicho tu: mpanda farasi wa China na wa nyika hana daraja mpaka usikie kitenzi chake, na kitenzi hubadilika siku hadi siku. Twende kwa mifano, nami nitakaa sana kwa Waxiongnu kwa kuwa ndio ninaowapenda.

Karibu kila tunachokijua juu ya mwenendo wa Waxiongnu wa enzi hizo kinatoka kwa Sima Qian, mwanahistoria wa utawala wa Han. Anasimulia kwamba watoto wao huanza kwa kupanda kondoo na kupiga ndege na panya kwa mishale, wakikua kidogo wanahamia mbweha na sungura. Wakubwa wanasogea vita vikiwaendea vizuri, na vikienda vibaya wanaondoka bila kuona haya. Msomaji wa orodha akifika hapo tayari kalamu yake imeandika: wadonoaji. Na ndivyo orodha zinavyowapa aghalabu, vibao vya wawiliwawili meza nzima, labda chifu na walinzi wake wakipandishwa kuwa wapambanaji.

Lakini rudini sentensi moja nyuma. Palepale, Sima Qian anasema kila mwanamume mwenye nguvu ya kuvuta upinde huwa ni jiaqi. Qi ni mpanda farasi. Jia ni deraya. Yaani shahidi wetu wa udonoaji ni yuleyule anayetuambia kwamba watu hawa walivaa deraya! Mwaka 169 KK ofisa mmoja wa Han aitwaye Chao Cuo alimwandikia mfalme wake hesabu ya nani anamzidi nani kwa nini. Waxiongnu akawapa sifa tatu: farasi wanaopanda milima, watu wanaopiga mishale farasi akiwa mbioni, na miili isiyojali njaa wala kiu. Wachina akawapa tano, na mojawapo ni kwamba mishale yao ikipigwa kwa pamoja kulenga shabaha moja, deraya za ngozi na ngao za mbao za Waxiongnu haziwezi kuihimili. Basi zilikuwapo, za ngozi, pamoja na ngao. Kwa kanuni za zamani mtu huyu anapanda daraja mara moja. Kwa kanuni za vitendo tunauliza: sawa, amevaa ngozi, kisha alifanya nini?

Mwaka 200 KK, Liu Bang, mwasisi wa utawala wa Han, aliwafuata Waxiongnu kaskazini wakati wa baridi kali. Sima Qian anasema katika kila askari kumi, wawili au watatu walipoteza vidole kwa baridi. Mnajua vidole ni nini kwa mpiga upinde. Kule Baideng akazingirwa siku saba na Modu, mkuu wa Waxiongnu. Inasemwa Modu alikuwa na wapanda farasi 400,000, hesabu ambayo mimi huiacha mlangoni pamoja na viatu. Lakini kuna jambo jingine katika simulizi hiyo ambalo kila mpaka rangi wa vijisanamu analijua kwa moyo: farasi wa upande wa magharibi walikuwa weupe wote, wa mashariki wa kijivu, wa kaskazini weusi, wa kusini wekundu. Nilitumia miezi mitatu kupaka rangi hizo nne. Siku ya kwanza kuwaleta mezani mwenzangu akaniuliza kama nimenunua farasi wangu dukani kwa seti.

Sasa msikilize kitenzi. Siku saba Modu amemzunguka mfalme mwenye jeshi lililoganda vidole, na havamii. Mwishowe pembe moja ya duara ikafunguliwa, ukungu ukashuka, na Wachina wakatoka wakiwa na pinde zao za mtambo zimevutwa, kila moja na mishale miwili, zikielekea nje. Hakuna aliyewagusa. Watu waliovaa deraya, wengi kuliko adui, wanamtazama adui akipita kwenye ukungu na hawasogei. Hao ni wadonoaji, hata ungewavika chuma mpaka kwenye kope.

Haya, twende mbele miaka 81. Mwaka 119 KK Kaizari Wu wa Han aliwatuma majemadari Wei Qing na Huo Qubing kuvuka jangwa, kila mmoja na wapanda farasi 50,000. Wei Qing alipomkuta chanyu, mkuu wa Waxiongnu wa wakati huo, hakukimbilia kushambulia. Alipanga magari yake duara yakawa boma, kisha akatoa wapanda farasi 5,000. Waxiongnu wakatoa kama 10,000. Jua lilikuwa linazama. Upepo mkubwa ukainuka, mchanga ukawapiga usoni hata pande mbili zisionane, na hapo Wei Qing akatuma mabawa mawili kumzunguka adui. Chanyu akatoroka kwa gari la nyumbu sita na wapanda farasi hodari mia kadhaa. Wale aliowaacha nyuma hawakukimbia. Walishikana na Wachina gizani, mkono kwa mkono, na waliokufa na kuumia pande mbili wakalingana.

Watu ni walewale, ngozi ileile, upinde uleule. Baideng ni 2, jangwani ni 3. Ndiyo sababu ya vibao viwili mnavyopitishiana. Orodha ya DBM inayowahusu haiwezi kufuata hesabu za jioni moja, maana imewaweka Waxiongnu pamoja na Warouran waliowafuata, kutoka karne ya 3 KK hadi karne ya 6 BK. Ni zaidi ya miaka 800 katika ukurasa mmoja. Nadhani ingekuwa haki zaidi kumruhusu mchezaji achague kabla ya pambano, vibao vingapi vitakuwa vya watatu na vingapi vya wawili, kisha alipe pointi zake. Wapo wanaosema hilo ni kufungulia mlango wa ujanja. Modu alikuwa mjanja.

Kuhusu wapanda farasi wa Wachina wenyewe nitapita haraka kidogo. Kwa desturi simulizi huanza mwaka 307 KK, Mfalme Wuling wa Zhao alipoamuru watu wake wavae suruali na makoti ya watu wa kaskazini na kujifunza kupiga upinde juu ya farasi. Wakubwa wa ukoo walilalamika sana, hasa juu ya nguo. Nami ningekuwa mkosa uaminifu nisipokiri kwamba mfalme huyu ananitatiza, kwa sababu yeye alibadili nguo ili abadili kitendo. Huwezi kuwa mpiga upinde wa farasi ukiwa na joho la kufika miguuni. Nguo na kitenzi si vitu viwili vilivyotengana kama ninavyojifanya.

Wapanda farasi wa udongo wa Mfalme wa Kwanza wa Qin, waliofukiwa karibu na Xi'an pamoja na lile jeshi lililoanza kuonekana mwaka 1974 wakulima walipokuwa wakichimba kisima, wamesimama chini mbele ya farasi wao, si juu yao. Deraya zao ni fupi, hazina mikono. Farasi wana matandiko lakini hawana vikuku vya kutilia miguu. Wengi wamewahi kuniambia kwamba bila vikuku hakuna kuvamia kwa mkuki, kwa hiyo Wachina wote wa kabla ya karne ya 4 BK washushwe. Sikubali. Warumi na Waparthi nao hawakuwa na vikuku, na hakuna awashushaye Waparthi waliofunika farasi zao kwa chuma. Kikuku kinamsaidia mtu asianguke. Kumwamulia aende au asiende, hilo haliwezi.

Kinachowashusha Wachina wa Han ni kitu kingine ambacho orodha hukisahau: idadi ya farasi. Katika safari ileile ya mwaka 119 KK, farasi waliohesabiwa mpakani wakitoka walikuwa 140,000. Waliorudi hawakufika 30,000. Kaizari Wu baadaye alipeleka majeshi hadi Ferghana, kati ya mwaka 104 na 101 KK, kutafuta farasi bora, na walichoambulia wa daraja la juu kabisa ni makumi machache, na wengine wa kawaida zaidi ya 3,000. Mtu akiniletea jeshi la Han la mwaka 118 KK lenye vibao tisa vya wapanda farasi walioshiba, nitamwuliza ameazima wapi.

Nije kwa farasi waliovaa. Hapa ndipo wapenzi wa deraya huketi wima. Akikumbuka vita vya Guandu vya mwaka 200 BK, jemadari Cao Cao aliandika kwamba mpinzani wake Yuan Shao alikuwa na seti 300 za deraya za farasi, na yeye mwenyewe hakuwa na hata 10. Mia tatu, katika jeshi la makumi ya maelfu! Kwenye michezo mingi kibao kimoja kinasimama badala ya watu mia kadhaa. Basi fahari yote ya Yuan Shao ni kibao kimoja, na cha Cao Cao ni kijisanamu kimoja akitafuta wenzake. Miaka mia moja na kidogo baadaye mambo yamegeuka kabisa. Mwaka 312 jemadari Shi Le aliteka kutoka kwa Waduan, watu wa nyika wa jamii ya Waxianbei, farasi 5,000 wenye deraya. Kaburi la Dong Shou la mwaka 357, kule Korea, lina picha ukutani za wapanda farasi waliofunikwa mtu na mnyama. Kuanzia hapo orodha za China ya kaskazini hujaa wavunjaji, na kwa kweli wengi wanastahili.

Lakini mwaka 352 Murong Ke, jemadari wa Waxianbei, alikabiliwa na Ran Min, mtu aliyekuwa akiwapiga kila walipokutana. Murong Ke alichagua wapiga upinde 5,000 walio hodari na wasio na papara. Kisha akawafunga farasi wao pamoja kwa minyororo ya chuma na kuwapanga katika umbo la mraba. Ran Min akaja juu ya farasi wake Zhulong, mkuki wenye makali pande mbili mkono wa kushoto, wenye ndoano mkono wa kulia. Inasimuliwa aliua zaidi ya 300, kisha akajipiga kwenye ule mraba wa minyororo huku mabawa yakimzunguka. Akapenya akatoroka, lakini farasi wake akaanguka akafa ghafla njiani, naye akakamatwa.

Niambieni, hao waliofungwa ni daraja gani? Wako juu ya farasi, lakini farasi haendi popote. Mnyororo umewekwa kusudi wasifanye kile ambacho mpanda farasi wa nyika hukifanya vizuri kuliko wote, yaani kuondoka. Ni ukuta unaopumua na kula nyasi. Kanuni nyingi zitakushauri uwaandike wavunjaji kwa kuwa ni Waxianbei wa karne ya 4 na ukurasa unasema hivyo. Mchezaji atawasukuma mbele inchi nyingi, watavunja kitu, atafurahi, na kitendo pekee tunachokijua juu yao kitakuwa kimepotea.

Kinyume chake kipo kwenye mawe. Kaizari Taizong wa Tang aliagiza farasi wake sita wa vita wachongwe kwa ajili ya kaburi lake. Mawe manne yako Xi'an, mawili yako Philadelphia, Marekani. Kila farasi yuko wazi, hana deraya hata moja, ana tandiko na vikuku, na baadhi yao wana mishale iliyowachoma. Mmoja, Saluzi, amesimama huku jemadari Qiu Xinggong ameinama kumchomoa mshale kifuani, na ukitazama mikono ya yule jemadari utaona mmoja umeshika mshale na uso wa mtu umekaribia shingo ya mnyama kama anayemnong'oneza. Farasi hao hawakuvishwa, lakini bwana wao aliwatumia kupasua safu za adui, kutokea upande wa pili na kurudi tena. Alikuwa na kikosi cha wapanda farasi 1,000 wenye nguo na deraya nyeusi, alichokiongoza mwenyewe. Kwa macho ya mfumo wa zamani farasi hawa wangeshuka daraja, kwa kuwa ngozi yao iko nje. Kwa kitenzi ni wavunjaji mchana kweupe.

Nilipobadili kanuni miaka kadhaa iliyopita, ilinibidi nimchomoe mtu wa tatu kwenye vibao kadhaa vya Watang, kwa kuwa orodha mpya iliwashusha. Nilitumia wembe. Farasi wa kwanza alivunjika mguu wa nyuma kwenye kifundo, nikaacha palepale. Mpaka leo Watang wangu wanapigana wakiwa watatu watatu, na anayecheza nami huambiwa mapema.

Wakhitan, waliotawala kaskazini kama utawala wa Liao kuanzia mwaka 907 hadi 1125, ndio watu waliotuachia orodha yao wenyewe, au karibu hivyo. Historia rasmi ya Liao, iliyokusanywa katika karne ya 14, inasema kila askari kamili alikuwa na farasi watatu, mtu mmoja wa kutafuta malisho na mmoja wa kutunza kambi. Alikuwa na deraya ya chuma ya vipande tisa, pinde nne na mishale 400. Na farasi? Deraya ya farasi ilikuwa ya ngozi au ya chuma, kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Maneno hayo ya uwezo yana ukweli kuliko madaraja yote. Katika kikosi kimoja kuna aliyevisha farasi chuma, kuna aliyevisha ngozi, na bila shaka kuna aliyekuja na blanketi na maelezo marefu. Kisha tunaambiwa walivyopigana: kikosi kinakwenda mbio, kikiona adui anayumba wote wanamwingia, kikiona hayumbi kinarudi kunywa maji na kingine kinachukua zamu, hata siku mbili au tatu, mpaka adui achoke. Katika siku ya kwanza ni wadonoaji waliovaa chuma. Siku ya tatu asubuhi ni wavunjaji.

Wajurchen waliowafuata wanasifika kwa wapanda farasi wa chuma walioitwa minara ya chuma, na mnasoma kila mahali kwamba mwaka 1140 walikuwa wakifungwa farasi watatu watatu kwa kamba za ngozi. Kaizari Qianlong wa karne ya 18, ambaye mababu zake walikuwa watu wa farasi, alikataa hadithi hiyo: farasi mmoja akianguka si anawaangusha wawili? Mimi niko upande wa Qianlong. Murong Ke aliwafunga wasimame. Kufunga farasi ili wakimbie ni wazo la mtu aliyeandika akiwa ameketi.

Na ndiyo maana sishangai kwamba waandishi wa kanuni za karibuni wamerudi nusu njia. Field of Glory, ya mwaka 2008, inaandika deraya kwenye safu yake, silaha kwenye safu yake, ubora kwenye safu yake, na juu ya yote aina ya kikosi. Mxiongnu wangu anaweza kuwa na ngozi na upinde na bado akawa mwepesi, bila mimi kulazimika kuficha koti lake. Ni nafuu. Kwa upande mwingine, meza inajaa karatasi, na mtu wa kucheza usiku mmoja baada ya kazi hana muda wa kusoma safu nne kwa kila kibao. DBA na tarakimu zake tatu itaendelea kuwa na wapenzi kwa sababu hiyohiyo, nami ni mmojawapo.

Naona vibao vyangu vimefika safu ya mwisho na mkuki mmoja umekuja bila mwenyewe. Haidhuru. Kuna cha tatu sijakipitisha, kwa kuwa hakishikiki vizuri. Ni Murong Ke. Wapanda farasi wanne wako bega kwa bega, na mnyororo unaowapitia kwenye vifua vya farasi ni wa hereni ya mke wangu, ambayo mwenzake ilipotea harusini. Nimeandika jina lao kwenye karatasi yangu ya orodha, mwaka 352, idadi kibao kimoja. Nafasi ya daraja bado iko wazi. Penseli iko hapa pembeni ya kisanduku, na nitabaki ukumbini mpaka watakapokuja kuzima taa.